Nilimpelekea Mungu Mpango Wangu Apige Muhuri

Shalom ndugu zangu, mama zangu, baba zangu, wote mnaonitazama kutoka nyumbani. Leo sina matembezi ya kuwaonyesha. Nimetoka zamu ya usiku, nimekaa chumbani, na kuna neno limenikaa moyoni.

Nilikuja huku ughaibuni na daftari la mipango yangu. Mwaka wa kwanza hiki, wa pili kile, wa tatu namleta mdogo wangu. Kila asubuhi naliwekea mkono, naomba. Nikadhani hiyo ndiyo imani. Kumbe nampelekea Mungu karatasi niliyokwisha kuijaza, Yeye kazi yake kugonga muhuri tu.

Mwaka wa pili ombi langu la kibali likakataliwa. Usingizi ukanihama. Huyu nampigia, yule nambembeleza, na bado mdomoni nasema, “Nimemwachia Mungu.” Jamani, sikuwa nimemwachia kitu.

Kilichonifungua macho ni habari za Ibrahimu. Katoka Harani ana miaka 75, ahadi ya Mungu ya kuwa taifa kubwa anayo. Miaka inapita, mtoto hakuna. Mkewe akampa mjakazi wake Hajiri azae naye, Ishmaeli akazaliwa mzee ana miaka 86. Isaka, yule wa ahadi, akaja baba ana 100. Angalieni vizuri: hawakumkana Mungu. Walitaka kumharakisha. Na aliyeumia ni Hajiri, mjakazi ambaye hakuna aliyemuuliza, akajikuta jangwani na mwanawe, kiriba kimeisha maji. Hapo huwa nalia, na namshukuru Mungu aliyemwonyesha kisima.

Maana na mimi kuna mtu niliyemwumiza. Mdogo wangu nilimwambia aache kazi ajiandae, kila kitu kiko tayari. Hakikuwa tayari. Daftari langu ndilo lililosema hivyo.

Mtu asinielewe vibaya, sijakunja mikono. Fomu nimejaza tena, kazini naenda. Na ninachokitaka namwambia Mungu waziwazi. Hata Yesu pale Gethsemane aliomba kwanza kikombe cha mateso kimwondokee, ndipo akasema mapenzi ya Baba yatendeke. Ila siku hizi nikishaomba nanyamaza. Ni vigumu, nawaambieni ukweli. Kuna asubuhi mkono unakwenda wenyewe kwenye daftari.

Mdogo wangu, najua unaangalia. Nilikuahidi kitu kisichokuwa mikononi mwangu. Nisamehe. Jioni nitakupigia, na safari hii nitakuuliza wewe unataka nini.