Spea ya bunduki ya zamani: kabla hujaniambia nikutumie, sikiliza hii

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, Manyoni, Kondoa na popote mlipo. Baba mdogo, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti niliupata, na kwa kuwa wenye bunduki za kizamani zenye leseni huko kwetu si haba, nakujibu hapa hapa wote wasikie.

Bunduki ya baba mdogo ni ya Kijerumani, ya bolti, yaani kile chuma unachokivuta kwa mkono kuingiza risasi na kufunga mtutu, na leseni anayo. Sasa inagonga tu, risasi hailipuki, na fisi wanaingia zizini. Ameniambia: mwanangu, si uko huko huko zinakotengenezwa? Ninunulie pini, ile sindano ya ndani ya bolti inayogonga risasi, mpe mtu anayekuja Desemba aifiche kwenye begi la nguo.

Hapana, baba. Nakuheshimu sana, ila hilo hapana. Tangu kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 258 ya 2012, silaha za kiraia na sehemu zake hazitoki huku Ujerumani bila kibali, na kibali hakitoki mpaka nchi inayopokea iwe imeruhusu kwanza. Huko nyumbani kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Huyo mgeni wa Desemba atakamatwa uwanja wa ndege kwa mzigo ambao hata hajui ni wa nini. Safari ya pini inaanzia polisi wilayani kwako, na leseni mkononi, halafu kwa fundi au muuzaji wa silaha mwenye kibali. Huyo ndiye anayeagiza.

Na kwa anayewaza waranti, tuiache. Huku sheria inambana muuzaji miaka 2 kwa kitu kipya, na bunduki yako ina umri wa babu. Tena jina lililochongwa kwenye mtutu huenda halina kiwanda tena. Mimi nipo Erfurt, na Suhl, mji wa mafundi bunduki tangu karne nyingi, hauko mbali. Baada ya vita ya 1945 viwanda vya pale vilichukuliwa na serikali, vingine vikaunganishwa, na jina kama Sauer likahamia Eckernförde, kaskazini kabisa. Bunduki zikabaki duniani bila watengenezaji wake.

Lakini spea zipo, kwa sababu bunduki nyingi za aina hiyo zilifuata mfumo wa 1898 wa Mauser, kiwanda cha bunduki cha Kijerumani. Ndiyo maana nilikwenda kwa fundi mmoja Suhl kuuliza, na kwanza hakuzungumzia pini kabisa. Aliuliza: huko kuna vumbi? Nikamwambia, baba, ni Dodoma! Akasema grisi ya miaka mingi ikichanganyika na vumbi inaganda ndani ya bolti kama gundi, pini inakwenda polepole, inaigusa fataki, ile kofia ndogo kitakoni mwa risasi inayowasha baruti, bila nguvu. Au springi imechoka. Kwa hiyo kabla ya kutafuta spea yoyote, fundi mwenye kibali aifungue bolti, aisafishe, aipime springi. Mimi naamini nusu ya shida itaishia hapo.

Sasa angalieni hii, nasogeza karibu na kamera. Ni pini chakavu, amenipa niwaonyeshe. Mnaona ncha? Ina vishimo, imeliwa na gesi. Ncha hii inatakiwa itokeze usoni mwa bolti milimita moja na nusu hivi. Ikiwa fupi, hailipui. Ikiwa ndefu au ina makali, inaitoboa fataki, na moto unarudi nyuma, usoni kwako. Mauser waliweka matundu mawili kwenye bolti gesi ipitie, lakini usiweke jicho lako rehani kwa matundu mawili.

Ndiyo maana nawasihi: msimpe fundi wa kukereza achonge pini kwa kipande cha nondo. Chuma laini kinabonyea, kilichozidi ugumu kinakatika, na kwa macho huwezi kujua. Na bolti ya bunduki nyingine usiiweke hata kama inaingia vizuri. Namba zilizopigwa kwenye bolti na kwenye mwili wa bunduki zinatakiwa zilingane. Ukibadilisha, nafasi kati ya bolti na ganda la risasi lazima ipimwe upya kwa kipimo maalumu.

Jambo moja la haraka, baba. Ukifyatua ikagonga tu, usifungue bolti papo hapo. Elekeza mtutu kusiko na mtu wala ng'ombe, subiri angalau nusu dakika. Fataki nyingine huchelewa.

Fundi huko atakapoifungua, mwombe atoe na kitako. Chini ya mtutu kuna alama ndogo ndogo za ukaguzi, Wajerumani walitunga sheria ya kuzipiga mwaka 1891. Apige picha za alama hizo, apime urefu wa pini na unene wa ncha kwa vernia, kile kipimo cha vitu vidogo, anitumie vipimo na picha. Mimi nitazipeleka Suhl wanitajie pini ni ya toleo lipi, nikupe jina lake kamili, na fundi wako aiagize kwa kibali chake.