Kunyonga Baiskeli Ndani ni Mazoezi Kamili

Ndugu zangu, bado nasikia kwamba baiskeli ya ndani ni ya wavivu wanaokimbia mvua. Nitajibu kwa habari ya Mathew Hayman. Waliokwisha kuisikia kwangu wanivumilie, sijapata ushahidi unaoipita.

Februari 2016 Hayman, mwendesha baiskeli wa Australia, alianguka mashindanoni Ubelgiji, akavunjika mkono. Mbio za Paris-Roubaix zilikuwa zimebaki wiki sita: zaidi ya kilomita 250, tena kwa vipande virefu vya barabara ya mawe inayomtikisa mtu mifupa yote. Nani angempa nafasi? Akaifunga baiskeli kwenye stendi ndani ya gereji yake, mbele akasimamisha ngazi ya kuegesha mkono, akaanza kunyonga. Alirudi mashindanoni siku chache tu kabla ya Roubaix. Aprili 10 akatoka mapema na kundi la mbele, akabaki nalo mawe yalipowachuja wenzake, na katika uwanja wa kumalizia akamshinda Tom Boonen, bingwa mara nne wa mbio hizo. Alikuwa na miaka 37, na hakuwa amewahi kuzishinda!

Mtaniambia, huyo ni mchezaji wa kulipwa, miguu alikuwa nayo tangu zamani. Kweli, alikuwa nayo. Nguvu hiyo ingeyeyuka kama angekaa kitini kusubiri mfupa uunge. Gereji iliitunza, na iliweza kwa sababu ndani hakuna mteremko. Barabarani unateremka bila kunyonga, unasimama njia panda, unampisha mwenye gari. Ndani, ukipanga dakika nne za kukata pumzi, unazipata zote nne, kisha unapumzika, kisha unarudia. Mtu mwenye nusu saa tu kwa siku aifikirie hesabu hiyo.

Lakini kazeni kitasa cha uzito, kile kinachofanya pedali ziwe ngumu kuzungusha! Linanikera hili. Mtu analegeza kabisa, gurudumu zito linamzungushia miguu, halafu anasema mashine haifai. Kama unaweza kuimba, ongeza uzito. Na wekeni feni. Huku ndani hakuna upepo wa mwendo, mwili unachemka, mapigo ya moyo yanapanda kwa joto, nanyi mnadhani ni kazi ya miguu.

Wengine wanasema ni mtindo ulioletwa na intaneti. Francis Lowndes alipata hataza ya mashine ya kunyonga kwa miguu na mikono, London, mwaka 1796. Meli ya Titanic ilikuwa na baiskeli za mazoezi. Madarasa ya kunyonga kwa muziki yalienezwa na Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini, akiwa Marekani. Mwaka 2020 UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, ikaandaa ubingwa wa kwanza wa dunia kwa njia ya mtandao, kila mmoja akinyonga baiskeli ya ndani kwake: Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini akashinda kwa wanawake, na kwa wanaume Jason Osborne, mpiga makasia wa Ujerumani.

Naona naoneshwa saa. Wenye magoti mabovu: kiti kinabeba sehemu kubwa ya uzito wenu na mguu haupigi chini, kwa hiyo mnaweza kuuzoeza moyo bila kishindo cha kukimbia. Anzeni na kitasa kikiwa kwenye uzito mdogo. Habari ya kupunguza kitambi naiacha. Urefu wa kiti siuachi: pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Baiskeli iko hapa mbele, nani aanze tumpimie?