Kibanio Kimoja, Majibu Mawili: Kutengeneza Vali ya Moyo Bila Kupasua Kifua

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Kila ninapozungumzia jambo hili huulizwa swali moja: "Daktari, ni kweli siku hizi mnatengeneza moyo bila kupasua kifua?" Ni kweli. Ila sisi tunaofanya kazi hii tunaumizwa kichwa na swali jingine: tumtengenezee nani?

Moyo una vali 4, na kazi yake ni kuhakikisha damu inakwenda upande mmoja tu. Kwa siku moja hufunguka na kufunga mara 100,000 hivi. Huharibika kwa namna mbili: ama zinakakamaa zisifunguke vizuri, ama hazifungi sawasawa na damu inarudi ilikotoka. Leo nitakaa zaidi kwenye vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Ikivuja, damu hurudi nyuma na kuelemea mapafu. Mgonjwa huanza kulalia mito mitatu, huamka usiku akihema, na ngazi alizokuwa akizipanda bila kufikiri zinamshinda.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa upasuaji: mfupa wa kidari unakatwa kwa msumeno, moyo unasimamishwa, na mashine inafanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Msinielewe vibaya, upasuaji huo ni mzuri na kwa wengi bado ndio bora. Tatizo ni yule mzee wa miaka 80 na kitu, figo zimechoka, mapafu hayana nguvu, ambaye huenda asiamke mezani.

Njia ya kupitia mshipa wa damu si ngeni. Mwaka 1982 Mjapani Kanji Inoue alianza kutumia puto kufungua vali ya mitrali iliyoziba. Mwaka 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier aliweka vali mpya ya aota, yaani ile iliyo kwenye mlango wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kwa mgonjwa ambaye wapasuaji wasingeweza kumgusa. Huko ni kubadilisha vali, na ni mhadhara wa siku nyingine. Mimi nataka kutengeneza ile ile aliyozaliwa nayo mtu.

Wazo lilitoka kwa mpasuaji wa Milan, Ottavio Alfieri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kushona pamoja kingo za vipande viwili vya vali, katikati tu. Badala ya tundu moja yakabaki mawili madogo, na uvujaji ukapungua sana. Wenzake wengi walishangaa. Kuacha vali na matundu mawili kulionekana ni kuiharibu. Lakini ilifanya kazi, na watu wakajiuliza: je, mshono huo hauwezi kuwekwa bila kufungua kifua? Mwaka 2003 mgonjwa wa kwanza akawekewa kifaa kinachobana kingo hizo kama kibanio cha nguo.

Ngoja niwaeleze kinavyowekwa. Mgonjwa analazwa usingizi. Tunaingia kwenye mshipa mkubwa wa kinena kwa mrija wenye unene wa milimita 8 hivi, tunapanda hadi chumba cha juu cha kulia, kisha kwa sindano tunatoboa ukuta unaotenganisha kulia na kushoto. Mahali pa kutoboa panapimwa kwa makini, sentimita 4 hivi juu ya vali. Ukitoboa chini mno kibanio hakitapata nafasi ya kugeuka. Wakati wote huo mwenzetu ameingiza kipimo cha altrasaundi kwenye umio, na macho yetu yako kwenye skrini yake. Bila yeye sisi ni vipofu.

Kibanio kinafunguliwa mikono, kinashushwa chini ya vali, halafu kinavutwa juu taratibu huku moyo ukiendelea kupiga. Vipande viwili vinaikalia mikono, tunashusha vijishikio, tunafunga. Hapo hatukiachii bado. Tunatazama: uvujaji umepungua? Njia ya damu haikubana mno? Kama hatujaridhika, tunafungua na kuanza upya. Uwezo huo wa kurudia ndio ninaoupenda kuliko yote. Ukishakiachia, kimekaa.

Sasa turudi kwenye swali langu. Agosti 2018 Wafaransa walitoa matokeo ya utafiti wao, MITRA-FR, wenye wagonjwa 304, uliolinganisha waliowekewa kibanio juu ya dawa na waliotumia dawa peke yake. Mwezi uliofuata Wamarekani wakatoa wao wa namna hiyohiyo, COAPT, wenye wagonjwa 614. Kibanio ni kilekile. Kwa Wamarekani, katika miaka miwili walifariki takriban 46 kati ya kila 100 waliotumia dawa peke yake, na 29 kati ya waliowekewa kibanio. Kwa Wafaransa, idadi ya waliofariki au kulazwa tena kwa moyo ndani ya mwaka haikuonyesha tofauti ya maana.

Nani alikosea? Kwa maoni yangu, hakuna. Wagonjwa wote hao vali yenyewe ilikuwa nzima. Moyo ndio uliotanuka ukazivuta kingo zikaachana. Wale wa Ufaransa mioyo yao ilikuwa imetanuka zaidi na uvujaji wao ulikuwa mdogo zaidi. Ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye msuli, na kibanio hakitibu msuli. Wamarekani nao walihakikisha kwanza mgonjwa amepewa dawa zote za moyo kwa kiwango anachokiweza, na wakamchukua yule tu ambaye bado anavuja vibaya. Ndiyo maana sikubali mgonjwa aletwe kwangu kabla dawa hazijapangwa ipasavyo. Wapo wenzangu wanaoniona mgumu.

Na yule ambaye vali yenyewe imechanika au imelegea? Kama ana nguvu za kuhimili upasuaji, mpasuaji ndiye wake. Utafiti wa EVEREST II wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja, 20 kati ya kila 100 waliowekewa kibanio walihitaji upasuaji kwa sababu ya vali hiyo. Upande wa waliopasuliwa tangu mwanzo, waliohitaji kupasuliwa tena walikuwa 2 tu.

Kisha wapo vijana wenye vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, inayoanzia kwenye maambukizi ya koo. Kingo zao mara nyingi zimegandana na kuwa nene. Kuzibana zaidi ni kumziba mtu pumzi. Hawa, kama hakuna uvujaji mkubwa wala damu iliyoganda ndani ya moyo, hufaa puto la Inoue, linalozitenganisha kingo zilizogandana. Ni kifaa cha zamani, na sijui kwa nini mikutano yetu inakizungumzia kidogo hivi.

Kuhusu hatari: damu kutoka kinenani, kiharusi, kibanio kuachia upande mmoja. Si nyingi, lakini zipo, na mgonjwa aambiwe kabla hajatia sahihi. Akirudi nyumbani, mara nyingi baada ya siku chache, anaendelea na dawa zake na anapimwa eko, yaani altrasaundi ya moyo, kila anapopangiwa. Akienda kung'oa jino amwambie daktari wa meno ana kitu moyoni, kwani huenda akahitaji antibiotiki.

Naona mikono imeshaanza kuinuka. Tuanze na mama aliyekaa pale mbele.