Magunia Matatu na Jina Lisilotajika

DEO: Karibuni tena. Leo nimekuja studio kwa daladala. Mnaojua ninavyoipenda Harrier yangu mmeshaelewa kuna msiba.

NEEMA: Pole shemeji. Vitunguu vyangu viko wapi?

DEO: Vitunguu ndivyo vilivyotufikisha hapa! Jumamosi nampeleka mama mkwe Iringa, shangazi yake huyu Neema, mnamjua. Kufika Ruaha Mbuyuni, mama anasema vitunguu vya hapa havipitwi. Gunia moja. La pili. Halafu "la Neema".

NEEMA: Mimi niliagiza kilo 5.

DEO: Magunia matatu, watu watano, kiyoyozi kinapuliza, gia iko D, tunaanza kupanda mlima Kitonga. Mbele kuna lori linatambaa, na kona zile nani anathubutu kulipita? Mara mshale wa RPM huo unapanda, injini inalia, gari haivuti. Na harufu ya ugali ulioshika sufuria.

NEEMA: Oili ya giaboksi hiyo, imeungua. Na wewe D ya nini na mzigo ule? Ungeweka 2. Kwenye D gari yenyewe inapandisha gia, inazidiwa, inashusha, inapandisha tena. Halafu mwendo wa kobe nyuma ya lori, torki konveta, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili, inaichemsha hiyo oili kama chai.

DEO: Sasa nimesogea pembeni, kuna dereva kanipa namba ya fundi wa Ilula. Napiga. "Gari gani, kaka?" Harrier. "Harrier ipi?" Ya 2005. "Mimi miaka siijui, wewe nitajie jina lake la mtaani."

NEEMA: (anacheka) Na shangazi yuko nyuma!

DEO: Yuko nyuma, kimya, ameshika mkoba, anasikiliza! Nasema ile yenye mataa ya nyuma makubwa. "Anaconda?" Hapana, iliyotangulia Anaconda. "Ahaa, si useme tu ni ta..." Nikakata simu.

NEEMA: Jina la gari tu hilo, Tanzania nzima inalitaja.

DEO: Haya, litaje. Na yeye anatusikiliza kila wiki.

NEEMA: ...Harrier ya kizazi cha pili.

DEO: Ehee!

NEEMA: Sasa ulifanyaje?

DEO: Nikazima gari, nikashuka, nikatembea mpaka kwenye kona, ndiyo nikapiga tena. Nikalitaja jina nimeziba mdomo kwa kiganja. Nageuka, mama mkwe kashuka ananifuata, anadhani nalia.

NEEMA: Jamani shangazi!

DEO: Eti "baba, gari ni chuma tu". Lakini heshima yangu ndiyo iliyookoa giaboksi. Nilivyorudi ilikuwa imepoa.

NEEMA: Hukutakiwa kuzima. Ungeiacha P, ile ya kuegesha, injini inanguruma taratibu. Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini, ndiyo inayopeleka oili kwenye rejeta ikapoe. Ukizima, oili inakaa palepale na joto lake.

DEO: Ningeacha gari linawaka na mama mkwe ndani, mimi nakimbilia kwenye kona? Angesema nimemtoroka.

NEEMA: Fundi akaja?

DEO: Kwa bodaboda. Kavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili nyeusi tii, wakati ile mpya ni nyekundu kama juisi ya rozela. Akaongeza kidogo, oili aina ya T-IV, kama Toyota wanavyotaka kwa gari hii. Akaniambia: "Usiimwage yote. Kilomita laki na themanini haijawahi kubadilishwa? Ukiibadilisha leo, umeiua."

NEEMA: Hapo ndipo mimi na mafundi wako tunapoachana.

DEO: Kaka yangu alibadilisha, wiki haikuisha, gari ikagoma kurudi nyuma.

NEEMA: Alibadilisha kwa nini? Si kwa sababu ilikuwa inateleza tayari? Mgonjwa mahututi akifia mlangoni kwa hospitali, utasema mlango umemuua?

DEO: Neema, klachi za ndani zimeshalika. Vumbi lake liko kwenye hiyo oili, ndilo linalosaidia zikamate. Ukiweka mpya, inasafisha kila kitu, zinateleza.

NEEMA: Kwa hiyo gari ya familia inapanda Kitonga kwa nguvu ya uchafu?

DEO: Imefika Iringa au haikufika?

NEEMA: Na leo umekuja na nini?

DEO: Hiyo ni mada nyingine.

NEEMA: Sisemi uibadilishe yote kwa mashine. Fungua nati ya chini, inatoka chini ya nusu, nyingine inabaki kwenye konveta. Jaza kiasi kilichotoka, tembea wiki kadhaa, mwaga tena.

DEO: Ikigoma utanilipa giaboksi?

NEEMA: Na ikigoma Kitonga, basi liko nyuma yako, fundi wako atakulipa?

DEO: Simwagi.

NEEMA: Basi usije kuniomba lifti.

DEO: Tulikuwa na mambo matano ya kuwafundisha leo, na wanakwaya wanaoingia studio baada yetu wameshaanza kugonga mlango. Sema moja.

NEEMA: Kupima oili ya giaboksi. Gari kwenye tambarare, imeshatembea ikapata moto, injini inawaka. Pitisha gia zote polepole, rudi P, futa dipstiki, ichomeke, ichomoe, soma alama za HOT, yaani za oili ya moto.

DEO: Injini inawaka?

NEEMA: Inawaka. Wewe unapimaje?

DEO: Asubuhi. Imezimwa. Kama oili ya injini.

NEEMA: Deo! Ikizimwa oili inarudi chini, dipstiki inakuonyesha imejaa hata kama imepungua! Tangu lini?

DEO: Tangu 2016. Wanagonga, tufunge.

NEEMA: Ngoja, shangazi katuma sauti.

DEO: Ya sekunde ngapi?

NEEMA: 40.

DEO: Analitaja?

NEEMA: Sekunde ya tatu.

DEO: Usiicheze. Neema, usii...