Anayewalisha Ndiye Anayewajua: Mazungumzo ya Barazani kuhusu Paka wa Mitaani Lamu

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta wa Ngome, ahsanteni kwa kubaki baada ya Isha.

Nianze na kisa cha hapa hapa Langoni. Kuna mama hutoka kila asubuhi na sufuria ya vichwa na matumbo ya samaki. Paka wanamjua kwa mlio wa kandambili zake. Jirani yake amechoka: mlango wake unanuka mkojo, usiku paka shume wanapigana juu ya makuti, na kila baada ya miezi michache kuna vitoto vingine ndani ya gofu. Siku moja akatia paka sita guniani, akawavusha kwa boti mpaka Mokowe. Hazikupita wiki nyingi, sufuria ile ile ikazungukwa na paka wageni ambao mama hakuwahi kuwaona.

Yule mama ana huruma, na jirani naye ana haki ya kulala. Lakini mtaa mzima ulimlaumu mama, na hapo ndipo tulipokosea. Yeye ndiye tunayemhitaji kuliko mtu yeyote.

Gunia halisaidii kwa sababu paka hufuata chakula na maficho. Soko la samaki lipo, majaa yapo, magofu yapo. Ukiwaondoa hawa, wa mtaa wa pili wanaingia, na vitoto vya waliobaki vinapona kwa wingi kwa kuwa riziki imeongezeka. Na waliotupwa ng'ambo wanakufa njaa mahali wasipopajua. Sumu ni mbaya zaidi: inaua kwa mateso, na haichagui kati ya paka, kuku na mtoto anayeokota kitu chini.

Tazameni uzazi wao. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano. Anaibeba kama siku 63 hadi 65, anazaa wanne au zaidi, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Kule kisiwa cha Marion, cha Afrika Kusini, paka watano walipelekwa mwaka 1949. Kufikia 1977 walikadiriwa kuwa 3,400, wakila ndege wa baharini kwa malaki, na hawakumalizwa mpaka 1991. Nakitaja kwa sababu sisi pia ni watu wa visiwa, na sitaki kuwaficha jambo: pale ndege au kasa wanapotaga, paka hafai kurudishwa. Ninayoyasema leo ni ya mji, penye nyumba, watu na samaki.

Katika mji, njia ni kumkamata, kumfunga kizazi, kumchanja kichaa cha mbwa, na kumrudisha pale pale alipotoka. Hapo kwenye kurudisha ndipo watu wengi wananiuliza, "Sasa umefanya nini?" Nimemwacha mwenye mtaa wake. Anashika nafasi yake lakini hazai tena. Madume waliohasiwa hupunguza mapigano, makelele na ile harufu kali ya mkojo. Baada ya miaka kadhaa kundi linapungua lenyewe, bila damu.

Ila kazi ya nusu nusu haizai matunda. Ukifunga wawili kati ya kumi, wanane watalijaza pengo kabla hujamaliza kulipa daktari. Mtaa mmoja ufikishe angalau saba kati ya kila kumi, ukianza na majike, ndipo uhamie mtaa mwingine. Na nani atakwambia wako kumi? Nani anajua kwamba yule wa madoa ananyonyesha, vitoto viko nyuma ya kisima, asikawizwe kurudishwa? Ni mama mwenye sufuria. Yeye akiwalisha saa ile ile na mahali pale pale kila siku, kuwakamata ni kazi ya asubuhi moja. Akiwalisha ovyo, tutahangaika mwezi.

Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku ya kukamata, asitoe chakula, lakini maji yabaki. Ndani ya kizimba tunatia samaki wa kukaanga, harufu ifike mbali. Mlango ukishafunga, tupieni kanga juu yake mara moja: paka akiwa gizani hutulia, hajipigi kwenye nyavu. Na kizimba kisiachwe peke yake hata dakika chache. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mimi kila nikitega, naikumbuka.

Daktari wa mifugo anampasua akiwa amelala kwa dawa, na humo humo usingizini anakata ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita moja. Mkiona ncha ya sikio imekatwa hivyo, jueni huyo ameshafungwa, msimkamate tena. Dume hurudi kesho yake, jike apumzike siku mbili tatu. Nawaomba, msimpe Panadol kwa maumivu. Kidonge kinachotutuliza sisi kichwa kinamuua paka.

Wengine wameniuliza dini inasemaje kuhusu kumfunga paka kizazi. Mimi si sheikh. Wapo wanazuoni walioruhusu pale paka wanapozidi na upasuaji ukawa hauwadhuru, wapo waliokataza. Waulizeni masheikh wenu kabla ya kuja kwangu. Sitaki mtu afanye kazi hii na moyo mzito.

Vitoto vya chini ya wiki nane vileteni mapema, maana bado vinazoea mikono na vinaweza kupata nyumba. Waliokomaa bila kuzoea watu msiwalazimishe kupakatwa.

Jirani wa Langoni yuko hapa usiku huu, na mama naye yuko hapa. Juzi walikaa baraza moja wakahesabu pamoja: kumi na wanne, tisa majike. Vizimba viwili viko chini ya meza hii. Tunaanza kwao Jumamosi alfajiri, na tunahitaji watu wawili wa kubeba na kanga kuukuu nne.