Ndani ya katriji: PCR ya kifua kikuu inavyofanya kazi, na inapokwama

Habari za mchana, wataalamu. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta kifua kikuu kwenye makohozi, wengi wenu mnaishika kila siku, kwa hiyo leo tuingie ndani ya katriji yenyewe, kile kikasha kilichofungwa ambamo sampuli hupimwa kwa PCR.

Tuanze na PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983 akiwa kampuni ya Cetus, California. Unapasha DNA hadi sentigredi 95 hivi, nyuzi zake mbili ziachane. Unashusha hadi 55 hivi, praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) zishike mahali pake. Unapandisha hadi 72, kimeng'enya kijenge nakala. Kisha unarudia. Mambo yakienda sawa, kwenye mzunguko wa 30 kipande kimoja kimeshakuwa takribani bilioni moja. Mwanzoni kimeng'enya kilikuwa kinaharibiwa na ule moto wa 95, ikabidi mrija ufunguliwe kila mzunguko na kuongezwa kingine. Kilichookoa ni Taq, kimeng'enya cha bakteria Thermus aquaticus wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani.

Sasa, nguvu hiyo ya kuzidisha ndiyo inayotuumiza. Ukifungua mrija uliokwisha kuzidishwa, tone lisiloonekana kwa macho linabeba nakala kwa maelfu, na likiangukia sampuli ya kesho, mtu asiye mgonjwa anaandikiwa ugonjwa. Ndiyo maana maabara za PCR ya kawaida hutenga vyumba, na koti la chumba cha mwisho halirudi cha kwanza. Kwangu mimi, ubora mkubwa wa katriji ni huko kufungwa kwake. Kasi inafuata nyuma. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo hiki Desemba 2010.

Kazi ya mikono ni ndogo, lakini ndiyo inayoharibiwa. Makohozi yawe angalau mililita 1, yasiwe na mabaki ya chakula. Ongeza dawa ya kuyeyushia, sehemu 2 kwa sehemu 1 ya makohozi. Funga, tikisa kwa nguvu mara 10 hadi 20, acha dakika 10, tikisa tena, acha 5 nyingine. Dawa hiyo inayalainisha makohozi na kupunguza sana uhai wa vimelea. Ukiona bado yanavutika kama ute wa bamia, usiyapeleke. Yakiwa laini, weka mililita 2 kwenye katriji, taratibu, bila mapovu.

Anayekatisha zile dakika 15 mara nyingi ndiye anayelalamikia ERROR 2008: shinikizo la bomba la ndani limepita kikomo kwa sababu sampuli ni nzito. INVALID ni jambo jingine. Kila katriji ina mbegu za bakteria asiye na madhara zilizowekwa makusudi kama kidhibiti. Zisipoonekana, kuna kitu kwenye sampuli kimezuia PCR. Majibu yote mawili hayamaanishi "hana TB". Rudia kwa katriji mpya.

Kuhusu usugu kwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu: katika toleo la kwanza la katriji, probu tano (vipande vya DNA vinavyong'aa vikishika) hushika kipande cha herufi 81 cha jeni rpoB ya kimelea, ambako ndiko mabadiliko mengi ya usugu hukaa. Probu moja ikichelewa sana au ikikosa kushika, mashine inatangaza usugu. Hapa muwe macho pale vimelea ni vichache mno: probu inaweza kuchelewa kwa uchache tu. Mgonjwa asiye na dalili za hatari ya usugu, aliyetoa jibu la "kidogo sana" pamoja na usugu, achukuliwe makohozi mapya kabla ya kubadilishiwa dawa.

Swali linaloulizwa sana na kliniki: je, tumpime mgonjwa wa mwezi wa tano wa dawa kuona kama amepona? Hapana. PCR haitofautishi DNA ya kimelea hai na ya mfu, na ya wafu hubaki mapafuni muda mrefu. Huyo afuatiliwe kwa hadubini, na kukiwa na shaka, makohozi yaoteshwe maabara kuona kama vimelea vinakua.