Breki kwa Mguu Mzima
Mhadhara kwa madereva wanaoanza autokrosi, uliotolewa Nyakato, Mwanza

Mwangaluka! Wakubwa zangu shikamooni, vijana habari za asubuhi. Nashukuru mmefika, na nafurahi zaidi kuona wengi mmekuja na magari mnayoendea kazini na sokoni, maana nimekuja kuzungumzia magari hayo hasa.

Nianze na lililonikuta mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka Kisesa jioni narudi mjini, na Toyota IST ambayo ninayo hadi leo. Maeneo ya Igoma mtoto akachomoka nyuma ya daladala iliyosimama. Nikakanyaga breki. Pedali ikaanza kunipiga mguuni, grrr, grrr, kama kuna kitu kinasagika chini ya gari. Nikajua breki zimekatika, nikainua mguu. Nikainua mguu, ndugu zangu, na mtoto yuko mbele! Alivuka salama kwa hatua mbili hivi. Kesho yake fundi akazikagua breki akakuta ni nzima kabisa. Kule kutetemeka ndiyo ABS yenyewe ilikuwa kazini: inaachia na kubana magurudumu mara nyingi ndani ya sekunde moja ili yasigande, nawe uendelee kuwa na usukani. Nilikuwa na leseni ya miaka 11 na sijawahi kuisikia hata siku moja. Nikaja kuisikia mara ya kwanza mbele ya mtoto wa mtu.

Nyoosheni mikono. Nani hapa amewahi kukanyaga breki mpaka mwisho, kwa makusudi, mahali pasipo na mtu? Mikono minne. Ukumbi una watu zaidi ya arobaini.

Basi ndiyo sababu naipenda autokrosi, mchezo wa kushindana na saa kwenye uwanja uliofungwa, na ndiyo sababu nataka tuifanye vizuri. Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na rali. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazee wetu bado wanamtaja Joginder Singh aliyeishinda 1965, 1974 na 1976. Wenzetu wa Kenya wana autokrosi yao ya vumbini, yenye bagi, vile vigari vyepesi vya kuundwa. Ninayoizungumzia leo ni ile ya kwenye lami au zege: uwanja mpana uliofungwa, koni zimepangwa kuonyesha njia, gari moja moja linaingia, na saa inahesabu. Hushindani na gari lililo pembeni yako, kwa sababu halipo. Zamu moja huisha ndani ya dakika moja hivi, na gari dogo mara nyingi halitoki gia ya pili. Marekani, kwenye mashindano ya Sports Car Club of America, kila koni unayoigonga inakuongezea sekunde 2, na ukikosa njia zamu hiyo haihesabiwi. Sisi tutatumia hesabu hiyo hiyo.

Na niseme hili mapema, vijana mnisikilize. Barabara ya Capri Point usiku si uwanja, wala mteremko wa Bugando. Anayefanya haya barabarani hajaja kwenye mchezo wetu.

Sasa gari. Swali ninaloulizwa kila siku ni “ninunue nini?” Usinunue kitu. Kazi ya kwanza ni kutoa. Fungua buti. Toa spea tairi, jeki, dumu, kreti la soda, gunia la dagaa ulilosahau tangu Jumapili. Ingiza mkono chini ya siti ya dereva na uupeleke mpaka mwisho. Karibu kila gari nililolikagua nimekuta chupa ya maji huko. Chupa hiyo, gari likipiga breki, inakuja mbele. Ikikaa nyuma ya pedali ya breki huna breki tena. Kapeti za dereva nazo zitoke, hasa ninyi mnaoweka kapeti mpya juu ya ile iliyokuja na gari.

Kisha boneti. Tikisa betri kwa mkono. Nimeona betri nyingi hapa mjini zimefungwa kwa mpira wa tyubu, na barabarani zinavumilia. Kwenye kona za koni betri ile itahama, na ncha yake ikigusa chuma utaona moto. Tafuta kishikio chake cha chuma, mafundi wa spea wanacho. Oili ifike alama ya juu kwenye kijiti, kwa sababu kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inaweza kuvuta hewa. Petroli nusu tangi inatosha. Taa ya mafuta ikiwa imewaka, injini inaweza kukatika katikati ya kona.

Mafuta ya breki naomba tukae nayo kidogo. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na sisi tunaishi kando ya ziwa. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 na kitu. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka sakafuni. Kama hukumbuki mara ya mwisho kuyabadilisha, yabadilishe wiki hii. Kuongezea juu hakutibu kilichoko chini.

Nimefika kwenye matairi, na hapa ndipo ningetaka mtumie muda wenu wote. Piga goti uangalie kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Ndani ya mifereji kuna vibonge vidogo vya mpira. Kashata zikishuka mpaka zikalingana navyo, umebaki na milimita 1.6, na tairi hilo lisije uwanjani. Pembeni mwa tairi, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wanaonunua matairi ya mtumba mara nyingi huangalia kashata tu. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira uliokauka kama soli ya kiatu kilichoachwa juani, na mpira mkavu haushiki.

Upepo. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna karatasi ya kiwandani, na magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo inasoma kPa. 220 ni kama 32 kwenye geji ya fundi wetu, inayosoma PSI, na 230 ni kama 33. Anzia hapo, ongeza kidogo, tuseme PSI 4 au 5 kwenye matairi ya mbele, usipite kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe. Kwa nini uongeze? Kwenye kona kali tairi laini hulala ubavu. Na hapa nawaonyesha kitu ambacho bei yake ni chaki moja ya ubaoni.

Njooni karibu, hasa mliokaa nyuma. Tazama bega la tairi, pale kashata zinapoishia na ubavu kuanza. Kuna vipembetatu vidogo vimechongwa, umeviona? Ncha yake inaonyesha mwisho wa sehemu iliyotengenezwa kukanyaga ardhi. Nachora mistari mitatu ya chaki, kutoka kwenye kashata kushuka ubavuni. Ukimaliza zamu, rudi uisome. Chaki ikifutika mpaka kwenye ncha ya kipembetatu, upepo uko sawa. Ikifutika mpaka chini yake, tairi linalala, ongeza kidogo. Ikibaki juu haijaguswa, umejaza mno, punguza. Dakika mbili tu, na tairi limekwambia lenyewe.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya mkono, gari likiwa limeshuka chini, kwa kurukia upande wa pili na si kwa kuzunguka. Toyota ndogo nyingi zinataka nguvu ya nyutoni-mita 103. Mwenye spana ya kipimo aje nayo. Kabla ya hapo, gari likiwa juu ya jeki na limezuiwa vizuri, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au bolijointi. Shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, mara nyingi ni tairodi. Gari linalocheza popote haliingii, hata kama mwenyewe ni rafiki yangu.

Mwenye Noah na Hiace anisamehe. IST ina upana wa karibu sentimita 170 na kimo cha 153. Noah ina upana huo huo, lakini kimo kinapita 180. Gari ambalo kimo kimezidi upana linaweza kuviringika kwenye zigizaga ya koni. Njoo nalo, liegeshe, nitakutafutia mwenye gari la chini mpokezane.

Sasa wewe mwenyewe. Kofia ngumu iwe imekubana kichwa, yenye lebo ya duara lenye herufi E na namba ndani yake. Viatu vya kufunika, soli nyembamba. Kandambili ziache nyumbani. Siti isogeze mbele kuliko ulivyozoea. Egemeza mabega nyuma, nyoosha mkono: kifundo kiangukie juu ya usukani. Kanyaga breki mpaka mwisho. Goti libaki limekunja. Waendeshaji wengi wa mjini wanalala kama wako kwenye kochi, na mtu aliyelala hana nguvu ya kukanyaga.

Halafu tunatembea njia ya koni kwa miguu. Mara tatu. Mara ya kwanza unajua tu inaelekea wapi. Mara ya pili unachuchumaa, jicho lifike kimo cha siti, kwa sababu koni ulizoziona wazi ukiwa umesimama, ukikaa zinafunikana zote zikawa ukuta mmoja. Mara ya tatu unatembea peke yako, bila kupiga soga, unajisemea: hapa breki, hapa nasubiri, hapa naachia mguu. Ukirudi ufumbe macho uipite njia nzima kichwani. Palipo na giza kichwani, rudi ukapatembee tena.

Ukiwa ndani ya gari, tatizo la kila anayeanza ni jicho. Anaangalia koni iliyo mbele ya bampa. Koni hiyo imeshapita, huwezi kuifanya lolote. Macho yawe koni mbili mbele, na kwenye kona geuza shingo uangalie utakakotokea, hata kama ni kupitia dirisha la pembeni. Mikono hufuata macho.

La pili ni mtaji wa tairi. Mfanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba ana mtaji mmoja asubuhi. Akiumaliza wote kwenye sangara, hata dagaa wakishuka bei hana cha kununulia. Tairi ni hivyo hivyo: sehemu inayogusa ardhi ni kama kiganja chako, na mshiko wake ni mtaji mmoja tu, wa kufunga breki, kukata kona na kuongeza mwendo. Ukiwa umeutumia wote kwenye breki, kisha ukakata usukani, gari linaendelea moja kwa moja. Huna ulichobakiza. Kwa hiyo breki maliza gari likiwa limenyooka, achia mguu taratibu, kata, na ukishaona njia ya kutokea ndipo ukanyage mafuta. Gari likigoma kukata, usizidishe usukani. Punguza mguu kwenye mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri tairi lishike. Ni vigumu kuliko ninavyosema, mikono inataka kuzidisha.

Jumamosi tukikutana uwanjani, kabla ya zamu yoyote ya saa, kila mtu atafanya zoezi moja. Utanyooka mpaka mwendo wa 40, ukifika kwenye koni mbili utakanyaga breki kwa mguu mzima na kuushikilia mpaka gari lisimame. Pedali itakupiga. Iache ikupige. Mara ya pili utafanya vilevile huku ukikwepa koni moja. Angalia kabla: ukiwasha gari taa ya ABS iwake kisha izime. Kama inabaki imewaka, au imetolewa balbu, niambie, zoezi lako litakuwa tofauti, maana magurudumu yakiganda itabidi ulegeze mguu mwenyewe.

Wasioendesha kwa wakati huo wanasimamia koni. Huko unasimama, hukai, hushiki simu, na humpi gari mgongo hata sekunde moja. Koni ikianguka unasubiri gari lipite ndipo ukimbie kuisimamisha.

Ukimaliza zamu zako usivute hendibreki breki zikiwa za moto. Ziache zipoe, gari likae kwenye gia au P na jiwe chini ya gurudumu. Mawe hapa Mwanza hayajawahi kutupungukia. Kabla ya kuondoka rudisha upepo wa kawaida, kaza nati tena, rudisha spea na jeki. Na soma mkataba wa bima yako, kwa sababu bima nyingi hazilipi kilichotokea kwenye mashindano ya mwendo.

Ndiyo mama, uliza.

Mama anauliza kama gari lake la otomatiki linafaa, na kama umri wa miaka 58 si mwingi. Mama, weka gia kwenye 2 au L ili isipandepande katikati ya kona, zima ovadraivu, usiguse tena. Umri hauna shida. Kama hutajali, tutakuanzisha wewe kwenye lile zoezi la breki, nami nitakaa siti ya pembeni. Fika saa moja asubuhi, buti likiwa tupu, na uje na chaki.